Mwembe wa Nyumbani Haudekezwi

Watu wanaolalamika kwamba mwembe wao hauzai huanza karibu kila mara kwa kutaja mema waliyoutendea. Huumwagilia maji kila jioni, huutia samadi kila wanapoipata, na hawajawahi kuukata hata tawi moja kwa kuuonea huruma. Ukiuangalia mti wenyewe unakuta umepita paa la nyumba, majani yamekolea kijani, kivuli ni kipana na kizuri, lakini maembe hayapo, au yapo matatu manne juu kabisa ambako ngazi haifiki. Mti huo haukukosa matunzo. Umepata zaidi ya ulivyohitaji, tena kwa wakati usiofaa, na mimi nimeishi na mwembe nyuma ya nyumba muda wa kutosha kuamini kwamba sehemu ngumu ya kuutunza ni kujua kitu cha kuunyima na wakati wa kuunyima.

Jambo hili huwa wazi zaidi mtu akikumbuka mwembe ulikotoka. Mangifera indica, kama wataalamu wa mimea wanavyouita, ni mti wa Asia ya kusini na kusini mashariki, nchi za pepo za msimu ambako miezi ya mvua kubwa hufuatwa na miezi mikavu, na pengine yenye ubaridi kiasi. Mti uliozoea mgawanyo huo wa mwaka hukuza majani wakati wa mvua, hutulia wakati wa ukavu, kisha huchanua. Ni jamaa ya mkorosho, na ukiachwa ukue upendavyo unaweza kufikia mita 30 kwenda juu, ukashusha mzizi mkuu mita kadhaa ardhini, na ukaendelea kuzaa kwa zaidi ya miaka 100. Kwa maneno mengine, mwenye kiwanja kidogo anapopanda mwembe anapanda mti wa msituni, na asipouwekea mpaka tangu mwanzo atakuja kuuwekea kwa msumeno.

Tabia nyingine ambayo ni lazima ijulikane mapema ni kwamba mwembe haukui mfululizo. Hukua kwa mikupuo. Ncha ya tawi inaweza kutulia kwa wiki nyingi bila dalili yoyote ya uhai, halafu katika siku chache ikatoa rundo la majani mapya yenye rangi nyekundu au ya shaba, laini, yanayoning'inia kama nguo iliyoloa. Wanaoyaona kwa mara ya kwanza hudhani mti unaugua na hukimbilia dawa. Hakuna ugonjwa hapo. Baada ya wiki mbili tatu majani hayo hukakamaa, hubadilika kuwa ya kijani, na tawi hurudi kupumzika. Kila mkupuo huacha alama: mahali ulipoishia, majani hukaribiana sana na kufanya fundo, na mtu akilifuata tawi kwa jicho kutoka kwenye ncha kurudi nyuma anaweza kuisoma mikupuo yake mmoja baada ya mwingine.

Nimeeleza mikupuo kwa kirefu kwa sababu maua ya mwembe hutoka kwenye ncha za matawi yaliyokwisha kukomaa na kupumzika. Ncha iliyochipua majani karibu na msimu wa maua haijapata muda wa kukomaa, na kwa kawaida msimu huo hupita bila yenyewe kuchanua. Anayemwaga maji na mbolea katika wiki hizo anauamrisha mti uote majani, nao hutii.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, kuna swali la mche. Kupanda kokwa ya embe tamu ulilokula ni jambo linalovutia, na halina ubaya mradi mtu ajue anachokifanya. Miembe imegawanyika katika makundi mawili kwa jinsi mbegu zake zilivyo. Katika kundi lenye asili ya India, ambamo mna Alphonso na pia aina nyingi zilizoendelezwa Florida kama Kent, Keitt na Tommy Atkins, kokwa hubeba kiinitete kimoja, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, kilichotokana na uchavushaji. Mche wake ni mtoto wa wazazi wawili na hakuna ajuaye matunda yake yatakuwaje mpaka yaonekane. Katika kundi lenye asili ya Asia ya kusini mashariki, ambamo mna Carabao ya Ufilipino na Nam Dok Mai ya Thailand, kokwa moja hutoa machipukizi kadhaa, na mengi kati ya hayo hayakutokana na uchavushaji hata kidogo bali na chembechembe za mti mama, hivyo hufanana naye kabisa. Ukipanda kokwa ikatoa machipukizi matatu au manne kwa pamoja, uko kwenye kundi hili la pili, na lile chipukizi lenye nguvu mara nyingi ndilo linalofuata mama.

Hata pale tabia za tunda zinapojulikana, bado kuna kusubiri. Mwembe wa kokwa huchukua kati ya miaka 5 na 8 kabla ya kuzaa, na mwingine huzidisha hapo. Aina iitwayo Haden ilitokana na kokwa iliyopandwa Florida mwaka 1902 na nahodha mstaafu John Haden. Mti ulizaa mwaka 1910, wakati mwenyewe alikwisha kufariki na mjane wake ndiye aliyeulea hadi hapo. Kutokana na mti huo zilipatikana aina kadhaa zilizoenea duniani, ikiwamo Tommy Atkins, kwa hiyo siwezi kusema kwamba kupanda kokwa ni kupoteza muda. Nasema tu kwamba mwenye nafasi ya mti mmoja ni vigumu aiweke rehani kwa miaka minane kwa ajili ya tunda asilolijua.

Anayetaka kupanda kokwa asiikawize. Mbegu ya embe haihifadhiki. Ikikauka hufa, na wiki chache tu baada ya kutolewa kwenye tunda uwezo wake wa kuota huwa umepungua sana. Gamba gumu la nje hufunguliwa kwa uangalifu kwa mkasi, mbegu ya ndani hutolewa, na hupandwa upande wake uliopinda kama mgongo ukielekea juu, ikifunikwa udongo kidogo tu. Kuota huchukua wiki mbili hadi nne.

Njia ya mkato ni mche uliobebeshwa. Mche wa kokwa uliofikia unene wa penseli hukatwa, na juu yake hufungwa kitawi kilichotoka kwenye mti unaozaa, chenye ncha iliyovimba na iliyo tayari kuchipua. Kitawi hicho kina umri wa mti kilikotoka, hakianzi utoto upya, na ndiyo maana mche wa namna hii unaweza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, na mara nyingine hutoa maua ungali kwenye kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea. Kazi yenyewe si ngumu kama inavyodhaniwa. Kisu kiwe kikali na safi, kitawi kichongwe kabari yenye nyuso mbili laini, kabari iingizwe kwenye mpasuko wa shina kiasi kwamba magamba yanakutana angalau upande mmoja, kisha pafungwe kwa utepe wa nailoni na kufunikwa kwa mfuko mwembamba wa plastiki ili kitawi kisikauke kabla hakijaungana. Ndani ya wiki tatu au nne mtu hujua kama kimeshika. Siku kadhaa kabla ya kukata kitawi kwenye mti mama, majani yake huondolewa na vikonyo vyake kuachwa. Hatua hiyo huamsha chipukizi la ncha, na kwa maoni yangu ndiyo inayotofautisha ubebeshaji unaoshika na usioshika kuliko ustadi wa mkono.

Anayenunua mche uliobebeshwa na atazame kovu la kuungania. Liwe limepona na limenyooka, na shina la chini lisiwe nyembamba sana kuliko la juu. Na tangu siku hiyo kila chipukizi litakalotoka chini ya kovu livunjwe likiwa dogo, kwa sababu ni mti mwingine kabisa, wenye nguvu kuliko ule uliolipiwa, na likiachwa mwaka mmoja litaumeza.

Upandaji wenyewe hauna maneno mengi. Mahali pawe na jua la kutwa na pasituame maji. Umbali wa mita 6 hadi 10 kutoka ukutani unatosha hata kwa mti utakaopogolewa, na wanaopanda karibu zaidi kwa ajili ya kivuli cha dirisha hujutia mifereji ya paa iliyojaa majani. Shimo la sentimita 60 kila upande na kina kama hicho, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza, kiriba kiondolewe chote, na kovu la kubebeshea libaki juu ya usawa wa ardhi. Mwembe unavumilia udongo wa aina nyingi, lakini katika udongo wenye chokaa nyingi majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa kuwa chuma, zinki na manganisi vimo ardhini lakini mizizi haiwezi kuvichukua. Katika nchi zenye baridi kali hupandwa katika chombo kikubwa kinachoweza kuingizwa ndani, kwa sababu mti mchanga unaweza kuuawa na usiku mmoja wa barafu.

Sasa maji. Katika miaka miwili ya kwanza mti mchanga haupaswi kunyimwa maji kabisa, na kila nilichosema kuhusu kunyima hakiuhusu. Mizizi yake bado iko ndani ya duara dogo la shimo, na matandazo ya majani makavu yaliyosambazwa kuzunguka shina, bila kuligusa, huokoa nusu ya kazi. Mabadiliko huanza mti unapofikia umri wa kuzaa. Tangu hapo mwaka wake hugawanyika katika sehemu mbili: kutoka matunda yanapofikia ukubwa wa njegere hadi yanapokaribia kukomaa, mti unahitaji maji ya uhakika, kwa kina na si juu juu, na katika miezi miwili au mitatu inayotangulia maua, maji ya bomba hufungwa. Ninajua jinsi inavyouma kupita na ndoo mbele ya mti usionyeshewa mvua, lakini mti mkubwa wenye mizizi mirefu haufi kwa kiangazi cha kawaida. Unachofanya ni kuacha kutoa majani mapya, na ncha zake zinakomaa zote pamoja.

Penye baridi, ubaridi wenyewe hufanya kazi hiyo. Wiki kadhaa za usiku wenye nyuzijoto chini ya 18 hivi huchochea maua hata mti ukiwa na maji. Penye joto mwaka mzima hakuna ishara hiyo, na mti hutegemea umri wa ncha zake na ukavu wa ardhi, jambo linaloeleza kwa nini katika sehemu hizo mti mmoja unaweza kuchanua upande mmoja huku upande wa pili ukitoa majani. Nchini Ufilipino wakulima walikuwa na desturi ya kuwasha moto chini ya miembe na kuifukiza moshi kwa siku nyingi ili ichanue. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mimea Ramon Barba alionyesha kwamba kunyunyizia majani mchanganyiko wa maji na nitrati ya potasiamu kunafanya kazi hiyohiyo, na njia yake ikaenea katika nchi nyingi za joto. Lakini nayo ina sharti lilelile: huamsha machipukizi yaliyokomaa tu. Kuinyunyizia kwenye majani mekundu ni kuyaunguza bure, na mwenye mti mmoja nyumbani kwa kawaida haihitaji.

Kuhusu mbolea nitasema jambo ambalo wauza pembejeo hawatalipenda: mwembe uliokomaa, katika udongo wa wastani, unahitaji kidogo sana, na naitrojeni ndiyo ya kuogopwa. Naitrojeni nyingi huleta majani, tena majani laini ambayo wadudu huyapenda, na katika baadhi ya aina huchangia nyama ya tunda kulainika na kuharibika karibu na kokwa huku ngozi ya nje ikionekana nzima. Mti ulio katikati ya bustani ya nyasi zinazotiwa mbolea kila mwezi huipokea yote hiyo bila mwenyewe kujua. Wakati wa kuulisha ni mara tu baada ya mavuno, wakati wenyewe unajiandaa kutoa mkupuo mpya wa majani, na kwa mti wa nyumbani mboji au samadi iliyooza vizuri, ikitandazwa chini ya ukingo wa matawi ambako mizizi ya kulisha ipo, mara nyingi hutosha. Majira mengine yote mkono ujizuie.

Hapo ndipo linapokuja suala la kupogoa, ambalo ninaliona kuwa ndilo lenye uzito kuliko mengine yote, na ndilo linaloogopwa zaidi. Mche ukiachwa hunyooka kwenda juu, tawi moja, ncha moja, na ncha moja maana yake ni shada moja la maua. Ukikatwa ungali mdogo, kwenye urefu wa kati ya sentimita 60 na mita moja, hutoa matawi matatu au manne pembeni. Kila tawi likifikia nusu mita hivi likikatwa tena, hugawanyika tena. Baada ya kurudia hivyo kwa miaka miwili au mitatu, mti mfupi ulio chini ya urefu wa mtu na nusu unakuwa na makumi kadhaa ya ncha, zote mahali mkono unapofika. Ukataji wa mwanzo unaoonekana kuuchelewesha mti ndio unaoujengea uwezo wa kuzaa.

Mahali pa kukata pana maana yake. Nimeeleza kwamba kila mkupuo huishia kwenye fundo la majani yaliyokaribiana. Ukikata juu tu ya fundo hilo, machipukizi mengi huchomoza kwa pamoja kutoka sehemu moja, yanasongamana, na baadaye tawi likielemewa na matunda hupasuka hapohapo. Ukikata chini kidogo ya fundo, hutoka machipukizi machache zaidi yaliyoachana nafasi, ambayo hushikamana na tawi kwa nguvu. Ikiwa mkasi umekwisha kupita juu ya fundo, dawa ni kurudi baada ya wiki chache na kubakiza machipukizi matatu yanayoelekea pande tofauti, mengine yote yakaondolewa kwa kidole.

Mti uliokomaa hupogolewa wakati mmoja tu, mara baada ya kuvuna. Kila wiki inayopita baada ya mavuno huliwa kutoka kwenye muda ambao ncha mpya zingeutumia kukomaa, na mtu anayesubiri hadi karibu na msimu wa maua ndipo ashike mkasi anakata mazao yake mwenyewe. Katika zoezi hilo ninaondoa matawi makavu, yanayokwaruzana, na yanayopanda wima katikati, mpaka mwanga wa jua uonekane umetapakaa ardhini chini ya mti. Kisha ninafupisha ncha zilizobeba matunda, ninapunguza kimo kilichozidi mita tatu au nne, na ninaacha. Tahadhari moja: utomvu wa mwembe una viambato vya jamaa moja na vile vinavyoichubua ngozi ya mtu anayebangua korosho mbichi, kwa hiyo glavu na shati la mikono mirefu si anasa, na macho yalindwe.

Miti michanga iliyobebeshwa hudai ugumu wa moyo wa namna nyingine. Hutoa maua mapema mno. Katika miaka miwili ya kwanza mashada hayo huvunjwa yote, kwa sababu mti wenye shina la unene wa kidole gumba ukilea embe hata moja hutumia nguvu ambayo ingejenga matawi, na mara nyingi hudumaa. Yavunjwe yakiwa yamerefuka kiasi na si pale tu yanapochomoza, maana yakiondolewa mapema sana mti huweza kutoa mengine papo hapo.

Mti ukishafikia umri, maua huruhusiwa, na hapo kuna hesabu inayowavunja moyo wengi bila sababu. Shada moja linaweza kuwa na maua kuanzia mamia kadhaa hadi maelfu. Mengi ni dume na hayawezi kuwa matunda hata yakitendewa nini. Yale yenye jinsia zote mbili huchavushwa na nzi, nyuki na wadudu wengine wadogo, mengi yakakosa, na katika vitunda vinavyoshika vingi hudondoka vikiwa na ukubwa wa njegere au wa goroli. Shada linalofikisha embe moja mpaka mavuno limefanya vizuri. Mashada mengi hayafikishi hata hilo. Kwa hiyo anayeona zulia la vitunda vidogo chini ya mti asiamue kwamba kuna ugonjwa. Na kwa kuwa nzi ndio wachavushaji wakubwa, kupulizia dawa ya wadudu mti ukiwa umechanua ni kuwafukuza wafanyakazi siku ya kazi.

Magonjwa mawili ya maua ndiyo yanayostahili kutajwa. Ubwiri unga huonekana kama vumbi jeupe kwenye mashada, hupenda hali kavu yenye usiku wa ubaridi, na huzuiwa kwa salfa inayopulizwa mapema. Chule huja na unyevu: mvua ikinyesha wakati wa maua, mashada huwa meusi na kukauka, na kuvu hiyohiyo hujificha katika ngozi ya matunda machanga bila dalili, ikasubiri mpaka embe linapoiva ndipo madoa meusi yajitokeze. Dawa zenye shaba husaidia zikitangulia ugonjwa. Lakini mti uliopogolewa ukapitisha upepo, ambao umande wake hukauka asubuhi mapema, una kinga ambayo dawa hailingani nayo, na ambayo haigharimu chochote.

Tukiwa kwenye matunda, nzi wa matunda ndiye adui mkubwa. Jike hutaga mayai chini ya ngozi ya embe linalokaribia kukomaa, na funza hula nyama mpaka tunda lianguke, kisha huingia udongoni kugeuka pupa na kutoka akiwa nzi mpya. Aina ya kiasia, Bactrocera dorsalis, iligunduliwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2003 nchini Kenya na baada ya hapo ikasambaa kwa kasi katika sehemu kubwa ya bara. Mwenye mti mmoja ana silaha mbili zisizohitaji sumu. Ya kwanza ni kuokota kila embe lililoanguka, kila siku, na kulifukia kwa kina cha nusu mita au kulifungia kwenye mfuko wa plastiki uliowekwa juani mpaka funza wafe. Kulitupa kwenye lundo la takataka ni kuwalea. Ya pili ni kuyavisha matunda mifuko ya karatasi yanapofikia ukubwa wa yai, kazi ambayo kwenye mti mrefu haiwezekani na kwenye mti uliopogolewa ni ya asubuhi moja. Sisimizi wekundu wanaojenga viota kwa kushona majani, majimoto, nao hupunguza nzi hao kwa kiasi kinachoonekana, ingawa mvunaji atawalipa kwa kuumwa.

Fukusi wa kokwa hana madhara makubwa kwa mlaji. Anaingia tunda likiwa changa, anaishi ndani ya mbegu, na nyama ya embe mara nyingi hubaki salama. Anayepanda kokwa ndiye anayeumia.

Mwaka unaofuata mavuno makubwa, miembe mingi hupumzika. Tabia hii ya kuzaa mwaka mmoja na kuruka mwingine imo katika asili ya aina nyingi, Alphonso ikiwa mojawapo, na haiondoki kabisa kwa matunzo. Inapunguzwa, hata hivyo, kwa kupunguza matunda katika mwaka wa neema. Shada lenye maembe manne likiachiwa moja au mawili, yanayobaki huwa makubwa zaidi, na mti hubakiwa na akiba ya kujenga ncha za mwaka ujao. Ni vigumu kumshawishi mtu aliyesubiri miaka mitano kwamba avunje nusu ya alichopata, na sishangai wengi wakikataa.

Embe huchukua kati ya siku 100 na 150 tangu kuchanua hadi kukomaa, kutegemea aina na joto. Rangi nyekundu haina ushahidi wowote wa ukomavu. Inatokana na aina ya mti na jua lililolipiga tunda. Kinachoaminika ni umbo: mabega ya embe, pale kwenye kikonyo, hujaa na kupanda juu ya kikonyo chenyewe, na likipasuliwa, nyama iliyo karibu na kokwa imeanza kugeuka manjano. Embe lililokomaa huiva vizuri likiwa limekwisha kuchumwa, kwa hiyo hakuna haja ya kushindana na ndege na popo kusubiri liivie mtini. Likatwe na kikonyo kirefu, kisha kikonyo kivunjwe tunda likiwa limeelekezwa chini, utomvu udondoke ardhini na si juu ya ngozi, ambako huacha alama nyeusi za kuungua. Jokofu ni la embe lililokwisha kuiva. Lile ambalo bado ni gumu hudhurika likiwekwa chini ya nyuzijoto 12 hivi, na haliivi tena sawasawa.

Nimalizie na wale ambao hawakupanda bali walirithi: mti wa miaka mingi, mrefu kuliko nyumba, unaozaa juu tu. Hakuna haja ya kuung'oa. Mwembe huchipua kutoka kwenye mbao nzee, na mti mzima unaweza kushushwa, ila usikatwe wote kwa mara moja. Ninapendekeza theluthi moja ya matawi makubwa kila mwaka baada ya mavuno, ili majani yaliyobaki yaendelee kuulisha mti na kulikinga gamba dhidi ya jua ambalo halijawahi kulizoea; mbao zilizobaki wazi zipakwe chokaa. Machipukizi yatatoka kwa wingi na yapunguzwe bila huruma, yabaki machache yenye nafasi. Na kama maembe ya mti huo hayakuwahi kumfurahisha mtu, machipukizi hayohayo yakifikia unene wa penseli hubebeshwa aina nyingine, hata aina mbili au tatu katika mti mmoja, nayo huzaa baada ya miaka miwili au mitatu kwa kuwa mizizi iliyo chini yake ilikwisha kujijenga zamani.